Mtumbwi wa Msiba

Kwangu Dzaleka, kambini kwa wakimbizi huku Malawi, hapakukosa watu. Chumba kimoja cha matofali mabichi, mlango wa gunia, na nje karai langu la mandasi, maandazi ya huku, juu ya mafiga. Ukinunua moja unakaa, usiponunua unakaa vilevile, mradi umekuja na habari. Asubuhi ile Lwaboshi alipotokea walikuwepo watu tisa, na wote tisa walinyamaza kama redio iliyoishiwa betri.

Lwaboshi hakuwa mtu wa kuja kwangu. Hakuwa mtu wa kwenda kwa yeyote. Kambi nzima ilimjua kwa jambo moja: ndiye aliyemwua René wa Uvira. Si kwa mkono wake. Lakini mwaka uliotangulia, tisini na tano, yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa ile boti ya mizigo iliyotekwa na majambazi ziwani Tanganyika. Bunduki ilikuwa yake. René, mekanisyen, fundi wa injini ya boti, alipigwa risasi mbili, na Lwaboshi akashuka nchi kavu mzima, bila mkwaruzo. Mke wa René, Antoinette, ambaye sisi tunamwita Mama Cadeau, alikuwa ndani ya boti hiyohiyo. Alipofika Dzaleka alisema neno moja tu: "Ule mutu njo aliniulia bwana." Yaliyobaki tukajazia wenyewe. Épitace jirani yangu alijazia kuliko wote: kwamba Lwaboshi alikuwa na fungu lake katika mzigo ule, kwamba aliwapungia majambazi kitambaa chekundu. Hicho kitambaa Épitace alikiota tu, lakini tulikishika wote, na mimi nilikipeleka mpaka kwenye mstari wa mgao wa unga.

Lwaboshi hakuwahi kujibu. Hilo ndilo lililommaliza. Kwenye bomba la maji ndoo yake ilisukumwa nyuma kila siku. Mtu alimwagia majivu kwenye sufuria yake ya maharage. Watoto walirusha mawe juu ya bati lake, na mama zao waliwaangalia tu.

"Dada Fidès," akasema, amesimama mbali na karai. "Natafuta Mama Cadeau. Banasema iko hapa."

Alikuwepo ndani, anashona kola ya shati la mtoto wake. Akatoka na sindano mkononi.

"Unatafuta nani?"

"We, mama."

"Sema mbele ya bantu. Mi na we hatuna siri."

Akasema. Lilongwe, kule Area 25, kuna mtu anaitwa Monsieur Hubert, anatafuta walinzi wa meli za mizigo. Meli kubwa, za baharini, zinazopakia bandari ya Nacala, Msumbiji, na kupanda juu mwambao wote. Majambazi wamezidi, wanapanda na kamba meli ikiwa imetia nanga, wanafunga mabaharia, wanabeba kila kitu. Wenye meli wanataka watu waliokwisha kulinda boti, wanaojua mtumbwi ukija vibaya unakujaje. Hubert angewatafutia hata karatasi ya kutoka nchini.

"Nimeenda kwake mara mbili," Lwaboshi akasema. "Barua hataki. Anasema kambini barua zinapikwa kama mandasi. Anataka mutu mwenye alikuwa mu ile boti, amuambie kwa mdomo vile nilifanya kazi. Hapa Dzaleka iko we tu."

Épitace akapiga kofi kwenye paja. "Yesu wangu! Mwuaji anaomba cheti kwa mjane!"

Tulicheka. Nilicheka mpaka nikamwaga mafuta. Mama Cadeau peke yake hakucheka.

"Siku gani?"

"Alhamisi. Njo ya mwisho. Ijumaa anafunga orodha."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa nabaki hapa," akasema Lwaboshi, akatutazama mmoja mmoja, kila uso.

"Nitaenda."

Lwaboshi aliinamisha kichwa, akageuka, akaondoka upesi kama anayeogopa neno lisirudishwe mdomoni. Alipopotea nyuma ya nyumba za Warundi wa Bururi, Mama Cadeau alikaa chini, akaingiza uzi kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu.

"Munaniangalia nini? Naenda kumumaliza. Mbele ya boss yake. Abaki hapa, azeeke hapa, kila asubuhi anione."

Sasa mjane hawezi kusafiri gari moja na mtu kama yule bila mwenzake wa kike. Watu wangesema, na mimi ndiye ningeanza kusema. Kwa hiyo nikaenda naye. Karai nikamwachia Amanda, binti wa jirani, na macho nikayafungua vizuri, kwa sababu walionituma nyumbani walikuwa tisa na wote walitaka habari nzima.

*

Pikapu ilitushusha Area 25 karibu na soko, saa nne asubuhi. Njia nzima Lwaboshi alikaa nyuma juu ya magunia ya mahindi, sisi wawili mbele na dereva. Nyumba ya Hubert ilikuwa na uzio wa nyasi na geti la bati. Ndani, meza, viti vitatu, na ukutani ramani ya mwambao yote imechomwa pini nyekundu.

"Kila pini ni meli moja iliyoibiwa," Hubert alituambia kabla ya kutusalimu vizuri. Mtu mfupi, wa Bukavu, amevaa pulova isiyo na mikono joto lote lile. Zamani alikuwa karani bandarini Kalundu, kwa hiyo ziwa alilijua. "Hizi tatu ni za mwezi huu. Karibuni. Lwaboshi, simama pale ukutani. Ukifungua mdomo kabla sijakuuliza, unatoka."

Lwaboshi akasimama chini ya ramani.

"Mama, pole kwa msiba."

"Pole weka," Mama Cadeau akasema. "Uliza."

Hubert hakuchukia. Akafungua daftari. "Mtu huyu alilinda vipi boti?"

"Alilinda!" Akamtupia Lwaboshi jicho. "Alifunga matawi ya miiba kando kando ya boti yote, mpaka sisi wenyewe ikatuchana. Alipanga mawe mu makarai, huku na huku. Alikataza batoto kukaa mbele. Mwenye boti alimupa amri: mtumbwi usifike karibu, umbali wa kutupa jiwe. Ya samaki, isifike. Ya mjomba wake, isifike. Bavuvi balikuwa banatuuzia ndagala tangu zamani, yeye akabafukuza kama mbwa. Siku tatu hatukula samaki, na tuko juu ya ziwa!"

Hubert alikuwa anaandika. Mama Cadeau akaona kalamu inakwenda.

"Usiandike. Sijafika kwa mabaya yake."

"Fika, mama."

"Ile siku ilikuwa saa tisa mchana. Jua kali, ziwa imetulia. Tunapita rasi ya Ubwari. Mtumbwi ikatoka ufukoni. Mbele kumelazwa mkeka, umefungwa kamba tatu. Bamama bane banalia. Mwanaume mumoja amesimama, ameshika tawi bichi."

Hubert akaweka kalamu chini taratibu. Mimi hilo la tawi bichi na mkeka sikuwahi kulisikia. Mwaka mzima anashinda nyumbani kwangu, na hakuwahi kulisema.

Kwetu ziwani, tokea Rumonge mpaka Uvira mpaka Fizi, huhitaji kuelezwa. Mtu kafia ugenini, wenzake wanamrudisha kuzikwa kwao, mtumbwi ni mdogo na njia ni ndefu. Boti inayopita inasimama. Hata kama imejaa, hata kama mwenyewe ni bahili wa kuhesabu kokwa za mawese. Maiti inalazwa mbele, wafiwa wanakaa kuizunguka, na hakuna anayedaiwa nauli. Mama yangu mimi aliletwa Rumonge hivyo, juu ya boti ya mtu ambaye alikuwa hatusalimii miaka sita. Alisimama, akavua kofia, akatuleta, akaondoka bado hatusalimii. Na nahodha anayepita maiti, hakuna mtu wa ufukoni atakayepanda boti yake tena. Watampa mgongo mpaka iozee mchangani.

"Tawi bichi," Hubert akasema. "Na huyu akafanya nini?"

Nikajua sasa kitambaa chekundu kinakuja. Nilisogea mbele kwenye kiti.

Mama Cadeau alisimama. "Huyu? Aliinua bunduki! Juu ya maiti! Juu ya bamama benye kulia! Alipiga kelele, 'Rudini! Rudini nyuma!' Akapiga moja hewani. Tawi inapepea, bamama banalia, na yeye anapiga bunduki! René akazima injini, ni mukristo, alikuwa na roho. Huyu akamurukia, 'Washa, René, washa, pita!' Apite! Aache maiti ya mutu juu ya maji kama gunia ya muhogo! Bakapigana. Bwana yangu akamunyang'anya ile bunduki, akaitupa chini ya magunia ya chumvi. Njo huyo mlinzi wako. Ukimupeleka kwa meli za bantu, upeleke tu simba. Ni nyama, boss. Nyama ya pori. Mi nimemaliza."

Akakaa. Alikuwa anahema. Mimi nilimwangalia Lwaboshi: macho yake yalikuwa kwenye sakafu, na shingo yake imejaa jasho. Kitambaa chekundu hakikuwepo. Hakuna aliyempungia mtu mkono.

Hubert akageuza ukurasa.

"Mama. Ndani ya mkeka mlikuwa na nini?"

Mama Cadeau akatazama daftari.

"Nakuuliza, ndani ya mkeka."

"Bunduki," akasema, sauti imeshuka. "Tatu."

"Na bale bamama?"

"Banaume. Bamejifunga vitenge."

Hubert akageuza kiti kidogo kuelekea ukutani. "Lwaboshi. Ulijuaje?"

Ilimchukua muda, kama mtu aliyesahau sauti yake ameiweka wapi. "Sikujua, boss. Niliona tu. Mutu mwenye kulilia maiti anaangalia maiti yake. Bale bane balikuwa banalia, na banatuangalia sisi."

Mama Cadeau aligeuka akamtazama. Nadhani ni mara ya kwanza tangu waanze kuishi kambi moja kumtazama bila kutema mate.

"Vizuri," Hubert akasema. "Sasa sikia. Uko Nacala, juu ya meli. Mtumbwi unakuja na tawi bichi na mkeka. Na safari hii ni msiba wa kweli. Unasimamisha?"

"Sisimamishi."

"Unajua ni wa kweli."

"Sijui. Hakuna mwenye anajua mpaka afike karibu. Sisimamishi."

"Mkekani yuko mama yako mzazi."

Nje mtu alikuwa anauza nyanya, anaita bei. Aliita mara tatu, mara nne.

"Sisimamishi, boss."

Mwaka mzima nilimchukia kwa uongo wa Épitace, na pale kwenye kiti cha Hubert nikaanza kumchukia upya, kwa neno alilolisema mwenyewe kwa mdomo wake.

Hubert akaandika jina, akalipigia mstari. "Jumatatu saa mbili, uwe hapa na nguo zako." Kisha akasimama, akampa Mama Cadeau mkono. "Asante sana, mama. Nimewasikiliza mashahidi kumi na tisa kwa kiti hicho. Hakuna aliyenipa ushahidi kama wako."

Mkono wa Hubert ulibaki hewani. Mama Cadeau alikuwa kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega lake lote akakuta haukufungwa. Alitafuta mkoba wake, ulikuwa begani mwake, akaendelea kuutafuta.

*

Tulifika kwenye maegesho ya pikapu kando ya soko. Lwaboshi alikuja nyuma yetu hatua kama kumi. Mama Cadeau akageuka ghafla, watu wakampisha.

"Kwanini hukusema? Ile ya bamama kutuangalia! Kwanini hukumuambia René?"

"Nilimuambia."

"Uongo!"

"Mara mbili. Hakusikia. Injini ilikuwa inalia. Na nyuma yake ulikuwa we, unapiga kelele kuliko injini. 'Simamisha, René! Iko maiti! Simamisha, Mungu anakuona!' Ulimukamata shati, mama. Hapa." Akajigusa bega. "Ulimuvuta mpaka ikapasuka. Njo akazima."

Mama Cadeau akampiga kofi. Lilisikika mpaka kwa wauza samaki. Mama mmoja Mmalawi akainuka kwenye ndoo yake ya nyanya akitoa pole kwa lugha yao, "Pepani, amayi, pepani," lakini hakusogea. Lwaboshi hakuinua mkono. Shavu lilibaki na alama za vidole vinne.

"Mwaka muzima ulinyamaza," Mama Cadeau akasema. "Ulinyamaza ili nikuwe na deni yako?"

"Deni gani? Sikunyamaza juu yako. Nilinyamaza juu yangu. Ningesema nini kule Dzaleka? Kwamba nilitaka kupita maiti? Bangenichoma ndani ya nyumba. Heri baniite mwizi."

Dereva akapiga honi. Lwaboshi hakupanda. Alisema atapata gari nyingine. Njia nzima ya kurudi Mama Cadeau alikaa kati yangu na mlango, ameshika ukingo wa blauzi yake, anaukunja na kuukunjua. Sikumwuliza kitu. Wala yeye hakuniambia ninyamaze. Ananijua.

*

Tulipofika, nyumba ilikuwa imejaa, wengine wamekaa hata juu ya ndoo. Nilifungua mdomo, lakini Mama Cadeau alinitangulia. Aliwaambia yote ya bunduki iliyoinuliwa juu ya mkeka. Ya tawi bichi. Ya "washa, pita". Aliwaambia kwamba Lwaboshi amesema mbele ya boss, na Fidès ni shahidi, kwamba hata mama yake mzazi akiwa maiti hasimami, na kwa neno hilo ndiyo wamempa kazi. Ya injini kuzimwa aliipita haraka. Ya shati hakuigusa.

Nyumba ilichemka. Nduwimana, ambaye ni shemasi, alisema mtu wa namna hiyo asizikwe na kanisa. Épitace alisahau kitambaa chekundu palepale, kana kwamba hakukizaa yeye. Siku tatu zile, Ijumaa mpaka Jumapili, hakuna aliyerusha mawe madogo tena juu ya bati la Lwaboshi. Walirusha makubwa. Jumamosi mlango wake ulikutwa umeng'olewa, na sijui umekwenda kupikia maharage ya nani. Mi niliendelea kukaanga, nikisikiliza, na lile shati lililopasuka lilinikaa kooni kama mfupa wa ndagala.

Jumatatu, jua ndiyo kwanza limetoka, Lwaboshi alipita na mfuko wake. Njia ya kwenda barabarani inapita mbele ya karai langu, hakuna nyingine. Watu walikuwa wameshajaa, walikuja mapema makusudi. Épitace akatoka akasimama katikati ya njia.

"Mpisheni mnyama, anakwenda baharini!"

Wanawake wakaguna, wakageuza migongo, kama tunavyofanya kwa boti iliyopita maiti. Mimi pia niliugeuza wangu. Lwaboshi akamzunguka Épitace kwa kupitia mferejini, akapanda tena njiani. Alikuwa ameshatupita.

Mama Cadeau akainuka na shati la mtoto mkononi.

"Lwaboshi! Siku bakikuleta ndani ya mkeka, boti isisimame! Hata moja! Uozee juu ya maji!"

Akasimama. Akaweka mfuko chini, akarudi hatua mbili. Nikadhani atampiga, na wote tulidhani hivyo, kwa sababu Épitace alirudi nyuma.

"Mama Cadeau. Baambie nani alimuambia René azime injini."

"Ondoka."

"Baambie tu. Halafu naondoka."

"Nenda kwa meli zako!"

Lwaboshi akaokota mfuko. "Basi ulizeni Fidès," akasema. "Fidès alikuwa pale, alisikia yote." Akaenda zake kuelekea barabarani, hakugeuka, na hakuna aliyemtazama tena, kwa sababu vichwa vyote vilikuwa vimenigeukia mimi.

Mandasi yalikuwa yanaungua. Nikachukua uma, nikaanza kuyatoa moja moja, nayapanga kwenye beseni. Mama Cadeau alikuwa ng'ambo ya karai. Hakusema "nakuomba". Midomo yake ilikuwa imekauka, na sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye kola.

"Dada Fidès?" Épitace akasema. Alikuwa ameshavuta kigoda, ameshakaa, na ile sauti yake tamu ya mtu aliyesikia harufu ya habari. "Nani alisema azime?"

Kabla sijatoa la mwisho, nilikuwa nimeshaanza kusema. Nilianzia kwenye shati la René.

Mama Cadeau hakungoja mwisho. Alikusanya uzi, mkasi, na shati la mtoto, akapita katikati yetu kwenda kwake. Hakuna aliyevuta miguu kumpisha.